Kibao cha Émérance

...na kitambaa kimeshalowa, kazi ni kukifuta kibao chake tu, mara moja, kabla Padri hajamaliza kuegesha baiskeli yake pale nje, lakini mkono umegoma, unadondosha maji juu ya kiatu changu, na Émérance ananitazama na miaka yake kumi na mmoja kana kwamba mwanafunzi ni mimi... vibao tisa vimepangwa chini, kila kibao picha moja, sinema nzima ya kuchemsha maji, niliwafundisha mwenyewe, mtu wa pichani akisema kitu, andikeni maneno yake chini ya miguu yake, na Padri, mwenye kamera, kaonya kanda ya kupigia sinema ni moja tu, akiona upuuzi ataipeleka shule ya Kabambare, vinane safi, mto, mtoto mgonjwa, mkwe wa kiume, muuguzi, anatoka Kasongo, kisha cha tisa, muuguzi anamweleza mama mkwe wake, nikampa Émérance, naye kamchora muuguzi nyuma ya banda la jiko, kageuza mgongo, anaongea na mbuzi. Mama mkwe yuko wapi, nikauliza, "Iko ndani ya jiko, Mwalimu, anasikia," na chini ameandika, Wewe mbuzi, maji ya mutoni iko na magonjwa, umwambie mama ayachemshe, na kutoka ndani, Mbuzi, umwambie ule mutu kuni ziko mbichi... Padri anataka nyuso mbili, nikamwambia, midomo ionekane, akasema, "Mutu hasemaki na mama-mukwe uso kwa uso," hata mu sinema, nikauliza, "Hata mu sinema, Mwalimu. Watu watatucheka." Watacheka, mimi walinicheka, njia ya soko la Lusangi, viatu vipya, nikamkabili mama yake Marcelline, mke wangu, nikampa mkono, nionekane mstaarabu, naye akajitupa majanini, kikapu usoni, mihogo ikatawanyika, tangu siku ile hajakanyaga kwangu, na Marcelline ana mimba ya miezi tisa, kila asubuhi analia, nani atanipokelea mutoto, nami nikatuma barua ya kuomba radhi, barua kwa mtu asiyesoma, mjinga mimi... na huyu Émérance, aliyeona sinema mara mbili tu maisha yake yote, tazama, uso pekee ni wa mbuzi, masikio makubwa, lakini mama yule unamwona kabisa, moshi wa jiko umekatika katikati, "Ameacha kupuliza moto, Mwalimu, anasikiliza," hilo sikumfundisha, hilo hakuna aliyemfundisha, namvulia kofia mtoto huyu... hatua za Padri ziko barazani, kitambaa bado kinadondosha maji, achukie akitaka, nitamwambia hiki ndicho watu watakachokiamini, na kesho Jumamosi nitakwenda Lusangi, kwa mama mkwe, ana mbuzi mmoja mweusi, mkorofi, nitasimama nyuma ya jiko, nigeuze mgongo, wewe mbuzi, nilikosa, Marcelline iko karibu kuzaa, anamuita mama yake... kisha niutazame moshi, kama utakatika.