Vidonge Ndani ya Uji

Mkojo wa mume wangu Valerian uligeuka mwekundu wiki ileile niliyoanza kumdanganya, naye akafurahi kama aliyeokota dhahabu. Alitoka chooni akiniita, "Mama Salome! Njoo uone, vumbi la duara linatoka!" Miaka kumi na moja alikuwa ameshuka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, udongo mwekundu puani na kifuani, na sasa aliamini mzizi wa mganga, Mzee Mwigulu, unausukuma nje. Nikampa hongera. Ningesema nini?

Ukweli ni kwamba ana kifua kikuu. Nesi Epifania wa zahanati, hapa Runzewe, alinikabidhi mimi vidonge ili nimsimamie ameze kila asubuhi kwa miezi sita. Aliniambia pia kwamba vidonge hivyo hugeuza mkojo kuwa mwekundu, nisiogope. Valerian hakusikia, alikuwa ameshatoka nje kwa hasira. Nyumbani akagoma kabisa. Alisema mganga amekataza dawa mbili kukutana tumboni. Nilibembeleza, nikalia, nikamtukana. Siku ya nne nikavisaga vidonge, nikavikorogea kwenye uji pamoja na ule mzizi, nikamwaga sukari bila huruma.

Akaanza kupata nafuu, na hapo ndipo akili yangu ilipovurugika. Nesi alisema ni vidonge. Lakini hamu ya kula ilirudi alipoanza mzizi, kabla ya vidonge, nililiona hilo kwa macho yangu. Na usingizi ulirudi nilipoanza kumkanda mgongo kwa samli kila jioni, kama mama alivyomkanda baba. Sasa ni kipi? Nilikuwa nasaga, nakoroga, nakanda, wala sijui kipi kinaponya na kipi kinabembeleza tu.

Ningekaa na ujinga wangu kwa amani kama si Masalu. Huyu ni rafiki wa Valerian, wamechimba duara moja. Naye alipimwa, akapewa vidonge vyake. Kabla hajaanza kuvimeza, mume wangu akamwita, akamwonyesha mkojo kwenye chupa ya soda. Jamani, chupa ya soda! "Ona, ndugu yangu. Vidonge vya nini?" Masalu akaviacha vidonge kabatini, akawa anakunywa mzizi mtupu.

Mimi nikanyamaza. Nikisema, Valerian atausukuma uji pembeni, nami nitabaki mjane. Nisiposema, mjane atakuwa Violeth, mke wa Masalu. Wiki tatu niliamka na hesabu hiyo, na kila asubuhi nilimchagua wangu.

Mwishowe nikaenda kwa Mzee Mwigulu asubuhi, nimefura. Nikampa shikamoo, akaniita mama kwa Kisukuma: "Marahaba, mayu." Nikamuuliza kwa nini anawakataza watu vidonge.

"Mimi?" Alishangaa hasa. "Nilimwambia mumeo asiache vya hospitali hata siku moja. Mzizi wangu unaleta hamu ya chakula, basi. Kifua kikuu sikiwezi, na nilimwambia hivyo."

Nilirudi sijielewi. Niliyemchukia hana kosa, na niliyemhurumia ndiye mwongo. Nikamkuta Valerian mezani, uji wa siku hiyo hajaugusa. Nilipomuuliza kwa nini alimsingizia mganga, aliinamisha kichwa. "Wachimbaji wakiniona na vidonge, watasema nina ule ugonjwa mwingine."

Kabla sijamjibu, Masalu akapiga hodi. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba. "Shemeji," aliniambia, hajakaa hata vizuri, "mbona mkojo wangu bado mweupe? Wiki ya tatu hii. Mzizi umenikataa?"

Valerian akakohoa kidogo. "Vumilia. Kuna miili migumu."

Nililipuka. Nikaleta kopo la vidonge na kinu kidogo, nikavibwaga mezani, nikaeleza yote: mkojo, uji, maneno ya mganga. Valerian alikivuta kibakuli chake karibu.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nilingoja akirushe ukutani. Akakiinua, akaunywa uji mpaka tone la mwisho mbele ya mwenzake, akafuta mdomo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Masalu hakumtazama. Alinitazama mimi. Alitaka kusema, kikohozi kikamkamata, tukasubiri kimwachie.

"Wiki zote hizi nakuja hapa, shemeji. Unanikaribisha kiti, unaniuliza hali. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nikachukua kanga yangu, nikamshika mkono ili twende zahanati. Akautoa taratibu, bila hasira, akatangulia peke yake.