Jina la Rozina Katika Wimbo

Wilibrodi alipenya duara la wachezaji, panga mkononi, akasimama mbele ya kaka yangu Masanja. Ngoma zikanyamaza. Nilikuwa nyuma ya Masanja pamoja na wasichana waitikiaji, na vumbi la uwanja ule wa Muze lilikuwa bado halijatua.

“Rudia huo wimbo,” alisema.

Baba yetu, Ngeleja, alituleta bonde la Rukwa na ng'ombe wake tukiwa wadogo, kutoka Shinyanga. Nyimbo zake za kuwasifu ng'ombe alikuja nazo vilevile, kwa Kisukuma, na hata alipomkejeli mkulima ndani yake, mkulima mwenyeji, asiyejua lugha hiyo, alipita akitupungia mkono. Masanja alitaka vijana wa Kifipa waje kucheza kwetu, kwa hiyo akaanza kutunga kwa Kiswahili. Baba alimwonya: “Sasa watakusikia.” Masanja alicheka. Kwani alitaka nini kingine?

Mwaka ule ng'ombe wetu waliingia shamba la mahindi la Wilibrodi, wakalimaliza. Wazee walikuwa bado wanasuluhisha. Ndipo siku ile uwanjani Masanja akaimba kwamba fahali wetu amenenepa kwa jasho la Wilibrodi.

“Rudia, kijana. Ila mimi umenisifu bure. Shamba lile alilima mke wangu Rozina, na mimba tumboni, mimi nikiwa Kipili kwenye dagaa. Mwimbe yeye.”

Wanaume wengine wa Kifipa wakaingia nyuma yake. Vijana wetu wakashika fimbo. Baba akasimama katikati yao, mikono mitupu.

“Masanja,” alisema, kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kuimbia. “Mama wa watu ametajwa. Imba.”

Masanja alianza, akakosea maneno. Akaanza upya. Akamwimba Rozina na jembe lake, na mahindi yaliyokuwa uji wa mtoto ajaye, na fahali wetu, mwizi. Tuliitikia. Panga lilishuka taratibu mpaka ncha ikagusa ardhi. Hakuna aliyepiga makofi.

Wiki iliyofuata tulimpelekea Rozina magunia ya mahindi. Alikuwa kibarazani, tumbo kubwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye dada wa mwimbaji?”

Niliitika, nikasubiri matusi.

“Watoto wanauimba kutwa hapa njiani.” Alichota punje kiganjani, akazitazama. “Mwambie jina langu asilikimbize. Alitamke polepole.”