Chumba cha Tatu

Jumanne moja ya mwaka 2001, Huguette aliketi mbele ya kompyuta ya pili kutoka dirishani, katika darasa la mwalimu Tajudin, mtaani Makindye, wakijifunza Perl, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Zoezi lilikuwa kuipanga nyumba yako: ndani ya nyumba vyumba, ndani ya vyumba watu. Kwao vyumba vilikuwa viwili. Katika cha kwanza alimweka mama yake, Marie-Jeanne; cha pili akajiweka mwenyewe. Kaka yake Tresor hakujua amweke wapi, maana wanaume wa gari lisilo na namba walimchukua miezi minne nyuma. Basi akaiuliza mashine: chumba cha tatu, yumo Tresor?

Hayumo, ikajibu. Alipoichapisha nyumba yote kwenye skrini, vyumba vilikuwa vitatu.

"Wanaoanza wote huteleza hapo," alisema Tajudin. "Ukimuulizia mtu ndani ya chumba kisichokuwepo, Perl hukijenga chumba kwanza, ndipo hutazama. Mtu mwenyewe haimjengi."

Jioni, nyumbani, mlango wa tatu ulikuwa ukutani nyuma ya jiko la makaa. Ulikuwa wa chuma, komeo kwa nje. Ndani mlikuwa na sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji, taa isiyozimika, na ndala ya Tresor, ya mguu wa kushoto. Marie-Jeanne alikuwa ameshafagia kizingiti, anasonga bugali.

"Usiulize tena, mutoto wangu," alisema. "Kule polisi niliuliza mara tatu, ona vile ile gari ilitufuata mpaka ku mulango."

Alhamisi mwenyekiti wa mtaa alikuja kuandikisha wakazi. Aligonga chuma kwa kalamu, akaandika vyumba vitatu.

"Humu analala nani?"

Marie-Jeanne aliitazama miguu yake. "Hakuna."

Akaandika hakuna, akapiga mhuri.

Kuuliza si ujinga, husema watu, na hao hawajawahi kufuatwa na gari. Ijumaa Huguette alirudi darasani, akauliza kwa kina zaidi: nyumba, chumba cha tatu, kitanda, Tresor.

Hayumo.

Jioni kitanda kilikuwepo, kimetandikwa shuka ya kijivu. Mto ulikuwa na kishimo cha kichwa. Mama yake alisimama juu ya kigoda akifunga chandarua, wala hakugeuka.

"Kesho uulize na blanketi," alisema. "Mule muko baridi."