Ushuhuda wa Bibi Paraska

Pasta Baudouin aliingia kwenye ghorofa la Bibi Paraska, mtaa wa South Beach, akitanguliza kitambi, ambacho wiki mbili za mfungo hazikukipunguza hata kidogo. Waumini wake walikuwa wakishinda njaa ili Mungu awafungulie milango ya makaratasi ya ukimbizi. Yeye, kama alivyosema bila haya, alikuwa akifunga kwa roho.

Gloriose, Mrundi aliyemtunza Bibi Paraska, alifunga kwa tumbo. Maziwa yalikuwa yakimkauka, na kichanga chake Lyse, mgongoni, kilikuwa kimechoka hata kulia. Bibi Paraska, ajuza wa Ukraine aliyenusurika njaa kijijini kwao akiwa mtoto, hakuficha dharau yake. Alimwita Gloriose mpumbavu asubuhi na jioni.

Pasta alitaka ushuhuda wa kurekodi kwa simu: mzungu aliyelishwa na Mungu. Kiingereza cha pasta kilikuwa cha kubabaisha, kwa hiyo Gloriose, mkalimani wake wa kila Jumapili, akawekwa katikati. Kanisani alizoea kuyapaka asali maneno ya wageni.

“Mama Lyse, umuulize Mungu aliwaokoa namna gani.”

Bibi akasimulia kwa sauti kavu. Waliokuja kuchukua ngano walichokoa sakafu kwa vyuma, wakabeba hata maharage yaliyokuwa chunguni. Mama yake akachemsha magome na magugu. Kisha maziwa yakamkauka, na mdogo wake Bibi akafa ananyonya titi tupu.

Gloriose alitafsiri yote. Mkono wake ulikuwa umeshaenda mgongoni, ukimpapasa Lyse.

Pasta akadakia kwamba bila shaka mama huyo aliomba, na Mungu akajibu.

Bibi akasema mama yake aliomba kuliko kijiji kizima. Akakitazama kile kitambi pasipo haraka, akaongeza maneno machache.

Gloriose angeweza kuyapaka asali. Lakini alikuwa amemchoka mtu huyu, amemchoka kabisa, na aibu ya kumwamini ilikuwa ikimwasha.

“Pasta, anasema aliyekuwa anawaambia wavumilie alikuwa ameshiba kama wewe. Anauliza asubuhi umekula nini.”

Simu ikashuka. Pasta akanong’ona kwamba sehemu hiyo wataikata kwenye rekodi. Gloriose hakumsikiliza. Alikuwa ameshaingia jikoni, amefunua sufuria ya viazi, anakula kwa mkono, amesimama.

“Mama Lyse, na mufungo?”

“Niko nalisha mtoto, pasta,” akajibu, kinywa kimejaa.