Mugeni wa Mulango ya Nyuma

Rebecca, mupishi, alifunga mulango ya jikoni kama alivyoagizwa. Leo mutu asipitie nyuma. Mbele, mu biro ya ile nyumba ya kununua zahabu, madame Angèle alikuwa anazungumza na patron, papa Katsuva. Madame alitumwa kukagua na ile chama ya dunia nzima yenye kuahidi kutonunua zahabu ya wenye bunduki.

Asubuhi Rebecca alikuwa ameuliza: "Papa, nani alitulazimisha kuweka mukono ku karatasi ya ile chama?"

"Hakuna mutu. Ni kama misa ya yenga, siku ya Mungu. Wote wakienda, weye peke yako ukibakia nyumba, wanaanza kuuliza uko na nini. Wanunuzi wa Ulaya ni vile vile."

Sasa mulango ikagongwa, polepole.

Ni Rodrigue, mwenye kumuletea patron zahabu ya mashimo ya upande wa Fataki, kule wachimbaji wanachungwa na bunduki. Bunduki yake mwenyewe ilikuwa ndani ya koti.

"Urudie kesho, yaya," Rebecca akasema, akamuita kama kaka mukubwa. "Kuko wageni."

"Nikikosa kuuza leo, kesho wale wenye bunduki wa kule watakuwa wamenikata kichwa." Akasukuma, akaingia. "Mama yako angali mu kambi ya wakimbizi? Ile hema karibu na bomba?"

Rebecca akaelewa: anamutisha. Akamukalisha, akamupakulia bugali na sombe ya majani ya muhogo, ili mudomo yake ipate kazi ingine.

Ndipo madame Angèle akaingia, anatafuta maji ya kunawa. Nyuma yake papa Katsuva, uso kama majivu.

"Huyu ni nani?" madame akauliza.

Mukono ya Rodrigue ikaingia mu koti.

"Ni muchumba wangu, madame," Rebecca akasema. "Alikuya kula."

Madame akacheka. "Basi umupikie vizuri, asikukimbie." Akanawa, akarudia mbele; papa Katsuva akabakia.

Rodrigue akapangusa sahani na tonge ya mwisho, akaweka kifurushi cha zahabu juu ya meza.

"Kwetu, ile neno muchumba haitajwi mbele ya wageni kwa muchezo. Umenitaja, nimekula, patron amesikia. Siku ya posho, mbele ya yenga, ninafika kwa mama yako na mbuzi ya mahari."

"Yaya, nilikuwa ninakuficha tu."

"Ninajua."

Rebecca akageukia patron. "Papa, umuambie."

Papa Katsuva alikuwa anapima kifurushi mu kiganja. Hakuinua macho.

"Hakuna mutu alikulazimisha, mutoto yangu."

Rodrigue akapokea feza yake, akatoka. Hata hakuuliza mama ya Rebecca anapenda mbuzi ya rangi gani.