Mgonjwa wa Kadi Nyekundu

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kutoka kichwani hadi mkiani. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na kwa kuwa ni machache, ujue siyachezei. Ukimsikia mtu wa Migori au Homa Bay akisema mimi, Onchiri, nimetia chumvi, muulize yeye siku hiyo alikuwa wapi. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimelala chali juu ya machela.

Nilipima tumbaku kule Kehancha miaka thelathini na mmoja, nikastaafu, nikahamia Sindo na mke wangu Mong'ina, kwa sababu yeye anapenda samaki na mimi nampenda yeye. Shule niliipita kwa nje. Kusoma nilijifunza kwa magazeti ya kufungia omena, wale dagaa wa ziwani. Shida ya gazeti la omena ni kwamba unapata nusu ya habari, nusu nyingine imeenda na omena wa jirani. Basi ikabidi nijizoeze kumalizia mwenyewe. Ndiyo maana watu wananiita mwongo. Mimi si mwongo. Mimi ni mmalizaji.

Nyumba yetu inapakana na lango la chuo cha ufundi. Jumanne na Alhamisi huwa naenda kupika chai katika Chumba cha Msaada. Ni chumba kidogo, ng'ombe wawili wakiingia, mmoja lazima aache mkia nje. Kilianzishwa na Beverlyne, msichana wa mwaka wa pili anayesomea umeme, pamoja na wenzake. Mna sanduku la dawa, benchi moja, birika langu, na ubao ambao Beverlyne huandika habari za chuo kila asubuhi: bomba gani halina maji, njia gani ina mbwa mkali, nani amefiwa na anahitaji watu wa kukaa naye. Susana wa darasa la ushonaji, msichana mdogo mwenye pumu, alikuja hapo wiki yake ya kwanza na sanduku lake la nguo mkononi, amekata shauri kurudi kwao. Nikampa chai. Nikamsimulia kiboko wa Sindo aliyeenda kliniki kung'olewa jino akakuta foleni. Akacheka mpaka chai ikampalia. Sanduku likarudi bwenini.

Sasa, naibu mkuu wa chuo, Bwana Machuki, si mtu mbaya. Ila alikuwa na mifuko arobaini ya simiti ya bweni jipya, imelala nje chini ya turubai, na mvua imekaribia.

"Hiki ni chumba cha chai na vicheko," akamwambia Beverlyne. "Simiti haicheki ikinyeshewa."

"Mwalimu, hapa watu wanasaidika."

"Nionyeshe. Si kwa maneno."

Wakaelewana hivi. Ijumaa saa nne asubuhi kungekuwa na zoezi la dharura, moto wa kuigiza. Watu kumi na wawili wangejifanya majeruhi na kufichwa pembe zote za chuo, kila mmoja na kadi shingoni inayoeleza ameumia vipi. Timu ya Beverlyne ingewatafuta wote ndani ya nusu saa, na mwenye kadi nyekundu ahudumiwe kwanza. Wakifaulu, chumba ni chao. Wakishindwa, Jumatatu simiti inaingia na birika langu linatoka.

Nilijitolea kuwa majeruhi. Nani angefaa zaidi yangu? Nikaja nimevaa shati la Sabato, nikapewa kadi ya kijani. Nikaisoma mara mbili: MKWARUZO MKONONI. ANAWEZA KUTEMBEA.

Mkwaruzo! Mimi, mtu ambaye nyati wa Mara aliwahi kunitemea mate! Nikawekwa kwenye karakana ya useremala, na kando yangu, amelala sakafuni, alikuwa Cephas mpishi na kadi nyekundu: AMEGONGWA KICHWANI. NYONGA IMEVUNJIKA. AMECHANGANYIKIWA, ATADAI YUKO SAWA. MSIMSIKILIZE.

Niambie, haki iko wapi? Cephas hana hata uso wa ugonjwa. Alilala pale kama gunia la viazi, akili yote iko jikoni.

"Mzee Onchiri," akaniambia, "nimeacha maharagwe motoni. Yakiungua, watu mia nne watanila mimi."

"Kwani kadi yangu inasemaje, Cephas? Inasema ninaweza kutembea. Ukiwa nayo wewe, utatembea mpaka jikoni."

"Hiyo si kudanganya?"

"Kudanganya ni kusema kitu. Sisi hatutasema chochote."

Cephas ni mzee wa kanisa, akasitasita. Nikatoa mandazi mawili mfukoni. Akayatazama mandazi, akayafikiria maharagwe, akanifunga kadi nyekundu shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nikalala, yeye akakaa kusubiri.

Rimu ya lori, ndiyo kengele ya chuo, ikagongwa, ngaa ngaa ngaa. Nyuma ya karakana nyasi mbichi zikachomwa, moshi ukatanda. Cephas akaondoka na mkwaruzo wake kwenda kukoroga. Nami nikapiga ukelele. Nakuambia viboko wa Sindo walitoa vichwa majini wakaulizana ni nani amefariki.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Aliyeingia mbele ni Ryoba, kijana wa Kikuria mwenye mabega kama mlango wa ghala, na wenzake watatu, na Beverlyne akiwa na filimbi.

"Kadi nyekundu!" akasema Beverlyne. "Machela! Babu, unanisikia?"

"Mwanangu, ni wewe?" nikasema kwa sauti nyembamba. "Naona malaika. Wamevaa ovaroli."

"Mzee anajua kazi," akanong'ona Ryoba.

Wakaninyanyua. Ewe msomaji, kama hujawahi kubebwa na vijana wanne huku watu wanakupisha, hujaishi. Nilipungia mkono darasa la mekanika. Nilimwomba Ryoba anipeleke kwa njia ndefu. Machela ilikuwa moja tu chuoni, na nilikuwa nayo mimi.

Tulipopita kando ya tangi la maji nikageuza kichwa, na kwa kuwa nilikuwa nimelala, nikaona chini ambako waliosimama hawakuona. Nyuma ya tangi, ukutani, alikuwa ameketi Susana. Hakuwa na kadi. Moshi ule ulikuwa umemfuata mpaka pale. Ameinama, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi.

"Simameni," nikasema. "Susana yuko nyuma ya tangi. Anaumwa kweli."

"Tulia, buda," akasema Ryoba. "Uko poa."

"Niko sawa mimi! Niwekeni chini!"

Ryoba akacheka, akasoma kifuani mwangu kwa sauti: "Atadai yuko sawa. Msimsikilize. Ai, huyu mzee angeigiza kwa runinga!"

"Ryoba, nakuapia!"

"Jana si uliapa kwamba mamba alikukopesha mwavuli?"

Na ni kweli nilikuwa nimeapa. Wakaendelea kutembea. Tangi likawa linarudi nyuma, na mimi nimefungwa mikanda miwili kifuani. Jasho likanitoka, si la kuigiza. Nikamtafuta Beverlyne kwa macho. Alikuwa anatangulia, anatazama saa, dakika zinamkimbia. Nikamwita.

"Beverlyne. Susana yuko nyuma ya tangi. Hapumui vizuri. Hana pampu yake."

Akasimama. Akanigeukia.

"Rudia."

"Susana. Nyuma ya tangi. Hapumui vizuri."

"Ryoba, shusha machela."

"Lakini kadi inasema..."

"Hakuna mnyama," akasema Beverlyne.

"Nini?"

"Babu hawezi kumaliza sentensi mbili bila kiboko. Hii haina hata kuku. Shusha!"

Hawakunishusha, walinidondosha. Nilifungua mikanda nikakimbia mbele yao nikiwa na nyonga iliyovunjika, na wanafunzi wa mekanika wakanipigia makofi. Tukamkuta Susana hawezi kusema hata neno. Beverlyne akapuliza filimbi mara tatu, ishara ya kwamba hili si zoezi, nyasi zikazimwa kwa ndoo za maji. Ryoba akamweka Susana kwenye machela, ameketi wima kama walivyofundishwa, wakamtoa upande usio na moshi, moja kwa moja hadi Chumba cha Msaada. Pampu ya pumu ilikuwa kwenye sanduku la dawa, mahali pake, na Liz, nesi anayekuja chuoni kila Ijumaa, alikuwa mlangoni. Beverlyne akapiga magoti akimhesabia pumzi taratibu.

Mimi nilisimama nje. Sikumsimulia mtu chochote. Ukitaka kujua nilivyoogopa, basi ujue hivyo.

Baada ya muda ambao sitaki kuupima, tukasikia sauti ndogo kutoka ndani: "Babu yuko wapi? Nyonga yake iko aje?" Hapo ndipo nami nikapumua.

Lakini Machuki alikuwa na orodha yake. Saa tano chuo kizima kilikusanyika uwanjani, na yeye akasimama mbele na karatasi.

"Kwa Susana, hongera sana," akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Lakini zoezi ni zoezi. Majeruhi mkubwa wa leo ni Cephas, kadi nyekundu. Mnajua nimemkuta wapi? Jikoni! Mtu aliyevunjika nyonga anakoroga maharagwe! Timu haikumgusa. Na machela, ambayo ni moja, ikambeba mzee mwenye mkwaruzo. Kama Susana angechelewa kupatikana dakika tatu zaidi ingekuwaje? Beverlyne, nasikitika."

Beverlyne alitazama viatu vyake. Ryoba, jitu zima, akamshika bega.

Hapo nikajua lazima niseme. Tena nikajua nikisema vizuri, nitaokoa timu na ngozi yangu kwa pamoja. Nikanyoosha mkono.

"Bwana Machuki, timu haina kosa. Kadi zilibadilishwa."

"Na nani?"

"Na korongo."

Uwanja mzima ukanigeukia. Nikapata nguvu. Nikaeleza jinsi korongo mmoja, mkubwa kama mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alivyotoka kwenye mizani ya samaki ya Sindo, akaingia karakana kwa dirisha. Akavua kadi ya Cephas kwa mdomo. Akaisoma. Akatikisa kichwa. Watu wakaanza kucheka. Akanivua na mimi yangu, akalinganisha, akaona uzee wangu, akanihurumia. Kicheko kikazidi, na simu zikawa zinapita mkono kwa mkono, nikadhani wananirekodi. Nikaongeza kwamba korongo alikuwa na miwani. Ryoba alikuwa chini anagaragara. Hata Machuki ameziba mdomo. Katika maisha yangu yote ya kumalizia habari, sijawahi kufaulu namna ile.

Beverlyne akanijia polepole na simu yake.

"Babu," akasema, "huyu korongo wako, huwa anakula mandazi?"

Simu yangu mimi ni kabambe, ile ndogo ya kupiga na kumulika tu, kwa hiyo sikujua kwamba chuo kina kundi la kupashana habari, wala kwamba Austine wa kompyuta alikuwa ametumwa kumpiga picha kila majeruhi mahali alipofichwa, kabla rimu haijagongwa. Karakana ya useremala alikuwa ameipiga kupitia dirishani. Nikajiona. Nimeinamisha shingo kama bwana harusi, nimetabasamu kwa meno yangu yote, na nyuma yangu Cephas anafunga kadi nyekundu, andazi limemjaa mdomoni. Watu mia nne walikuwa wanaitazama picha hiyo wakati mimi nikiwaeleza habari za miwani.

"Ni kweli?" Machuki akauliza.

Nikamtazama Cephas. Cephas akatazama mbingu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka kubebwa. Machela ilinibeba mimi wakati Susana anaihitaji. Timu ilifuata kadi, na kadi niliiharibu mimi."

Hakuna aliyecheka. Machuki akachukua kalamu, akafuta, akaandika, akafuta tena.

"Basi kosa si la timu. Mzee, kama ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupeleka nyumbani. Majeruhi kumi na mmoja kwa dakika ishirini na sita, na mgonjwa wa kweli amepona. Chumba kinabaki."

Makelele yaliyopigwa hapo sitayaeleza, maana nimekwisha kuwatumia viboko. Beverlyne alinikumbatia, kisha akanifinya sikio.

"Lakini," akasema Machuki akiinua kalamu, "mvua ya leo jioni haina habari ya zoezi. Simiti yangu bado iko nje. Na aliyevuruga mambo lazima alipe. Mzee Onchiri, nyumba yako si ndiyo ile ya kwanza hapo langoni? Sebule yako ina ukubwa gani?"

Nikafungua mdomo nimwambie imejaa nyuki. Beverlyne akanitazama tu.

"Ni kubwa," nikasema.

Nililipa siku hiyo hiyo. Mifuko arobaini, kilo hamsini kila mmoja, ikatoka chini ya turubai. Ryoba na wenzake walibeba wakiimba, nami nilipewa wa kwangu, Cephas akashika upande wa pili kwa sababu mandazi aliyala yeye. Mong'ina alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Onchiri, niliolewa na wewe au niliolewa na duka la vifaa vya ujenzi?"

"Mama watoto, kuna korongo mmoja..."

"Nimeona picha."

Viti tukavitoa. Meza tukaiegemeza ukutani. Mfuko wa thelathini na nne ulipoingia, sebule ikajaa hadi dirishani, na nje matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati. Machuki akasimama katikati ya vumbi, akahesabu sita iliyobaki, kisha akatazama mlango wa chumba cha kulala.

"Mzee," akauliza kwa upole, "kitanda chenu ni cha futi ngapi?"

Mong'ina akanigeukia. Nikaenda kufungua mlango.