Kikao Kuhusu Chai

Fundi alikuwa ameshonea nguo nusu ya mtaa, lakini mwaka ule kazi iliyomtoa jasho ilikuwa sketi zake mwenyewe. Alizifumua kiunoni mara ya kwanza, akazifumua tena, na bado akawa anasinzia juu ya cherehani mchana kweupe. Nyumbani kwa wakwe alikoishi, sababu ilijulikana hata kabla daktari hajaulizwa: anakula mno. Wifi yake, ambaye hajawahi kubakiza kitu sufuriani, ndiye aliyelisema hilo kwa uchungu zaidi.

Daktari akasema mengine. Tezi ya shingoni imezembea, ndiyo maana mwili umepoa na kunenepa. Akampa vidonge vya kumeza kila asubuhi tumbo likiwa tupu, kisha akae saa nzima bila kitu kingine ila maji.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana chai ya asubuhi aliimimina mama mkwe kwa mkono wake, na kikombe chake hakikataliwi. Kwa wiki sita Fundi akainywa ili kulinda amani, kidonge na chai vikishuka pamoja. Vipimo vikarudi vilevile, na mzani ukaongeza kilo mbili. Daktari akamwambia ni kama anatupa dawa jalalani. Alilia njia nzima. Alitaka tu kuamka siku moja akiwa na nguvu.

Kesho yake akakikataa kikombe. Siku ya tatu, saa moja kamili, alipokuwa ndiyo kwanza amemeza kidonge, akaitwa kwenye kikao. Watu walewale waliomsema kwa kula sasa walimkalisha sebuleni kwa kutokula. Wifi alisema ni maringo. Baba mkwe alianza na historia ya ukoo, akazunguka weee kabla ya kuifikia chai. Mume alitazama vidole vya miguu yake. Mama mkwe akauliza, sauti ikimkatika, kama sasa anadhaniwa mtia sumu. Fundi alipotaka kueleza habari ya kidonge, akaambiwa asubiri zamu yake. Akasubiri, macho kwenye saa ya ukutani.

Zamu yake ilifika saa mbili na dakika tano. Alisimama, akajimiminia chai, akainywa yote taratibu. Mama mkwe akafuta machozi kwa furaha.

“Unaona, mwanangu? Ulihitaji kukalishwa tu.”

“Kweli, mama,” alisema Fundi. “Basi naomba mnikalishe kila asubuhi.”